Salamu za Mzee Sudi Nilizozifuta

Jumanne, jioni. Mawingu tangu asubuhi na mvua yenyewe haikunyesha. Nimechoka, na sijui nimechoshwa na nini, maana kazi yangu ni ya kukaa.

Kwa asiyejua: nasimamia maoni ya wasomaji kwenye tovuti ya habari. Ofisi iko ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Kila komenti inapita kwangu kwanza. Nikibonyeza kijani, inaonekana. Nikibonyeza nyekundu, inafutika na aliyeandika haambiwi kitu.

Mwezi wangu wa kwanza kazini matusi yalikuwa yananikosesha chakula. Siku hizi nasoma mtu akimtukania mwenzake mama huku natafuna chapati. Wiki iliyopita dada yangu alinipigia analia, mumewe kamwacha, nami nikamjibu "sawa". Akakata simu. Mpaka leo sijampigia.

Mzee Sudi hatukani. Tangu Ramadhani, kila asubuhi, chini ya habari yoyote ile, iwe ya mpira au ya bei ya sukari, anaandika: "Assalaam alaykum wahariri na wasomaji. Mmeamkaje? Mimi Sudi wa Gerezani, mzima wa afya." Basi. Utaratibu wetu unasema maoni yasiyohusu habari yafutwe, na mimi nimekuwa nafuta. Madrasa nilifundishwa kwamba kuitikia salamu ni wajibu, lakini hilo halikunijia kichwani hata siku moja.

Leo mchana nikasikia hodi. Mzee wa kanzu, kapanda ngazi zote zile, anahema, mkononi kashika mkate wa kumimina kwenye mfuko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mimi Sudi, wa Gerezani. Nawasalimu kila siku naona kimya. Nikajiuliza, hawa watu nimewakosea nini?"

Alikuja kuomba radhi.

Usipomwitikia mtu salamu mara moja, atasema hukusikia. Ukimnyamazia miezi, ana haki ya kuuliza kinyongo kimetoka wapi. Na alikuwa ameshafikiri sana. Akaniambia labda ni ile siku moja alipoongezea kwenye salamu kwamba refa alituonea. Kama ndiyo hiyo, nimwombee msamaha kwa wakubwa.

"Ni mtandao tu, babu. Unasumbua."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi hatuna neno." Akaniachia mkate, akashuka taratibu huku akishikilia ukuta. Mkate tukagawana ofisini.

Mtandao hauna tatizo lolote. Ni mimi.

Saa kumi ikaingia komenti yake, chini ya habari ya bei ya vitunguu. Anawaambia wasomaji wote kwamba amefika ofisini, kapokewa vizuri na binti mstaarabu, na kwamba kumbe hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Nikamwonyesha bosi, nikamuuliza kama hii moja tuiachie.

"Ukiachia huyo, kesho wote watakuja kusalimiana," akasema. "Hapa si kijiweni."

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Nikabonyeza nyekundu, nikakaa nikisubiri niumie, hata kidogo. Wapi. Naona aibu, lakini ni ile ya kujua tu kwamba mtu mwenye moyo angeiona.

Asubuhi ya leo mzee yule alikuwa amefika mwisho wa kusubiri. Laiti ningemwambia ukweli, angekasirika, angetusema huko Gerezani, angetafuta watu wengine wa kuwasalimu. Kesho ataandika tena, na asipoiona salamu yake hatauliza. Atasema ni mtandao. Atasubiri, na kesho kutwa pia atasubiri, na mimi ndiye niliyemfundisha kusubiri.