Komeo la Geti la Etelka

Budapest, 12 Juni 1992

Shangazi mpendwa,

Naubusu mkono wako. Moyo unaendeleaje? Na magoti, bado yanakubali ngazi? Sisi huku wazima. Mke wangu Judit amemaliza kusahihisha mitihani, na watoto wana mafua ya kiangazi, yale yasiyo na dawa.

Nina habari ambayo najua utanigombeza. Tangu Machi, kila Alhamisi napanda treni kwenda mji wenu, wewe na marehemu baba, kufundisha. Hajabaki Myahudi hata mmoja kule, wa kusali naye wala wa kubishana naye. Wanaonisikiliza ni Wakristo kumi na mmoja, katika chumba cha kusomea cha maktaba: mchungaji wa Kikalvini, mwalimu mstaafu, mama wa posta, wajane kadhaa. Mwanzoni nilidhani wanafuata joto la jiko. Sasa ni kiangazi, jiko limezimwa, na bado wanakuja.

Jana niliwafundisha sheria yetu ya msamaha. Ulichomkosea Mungu, muombe Mungu. Ulichomkosea mwenzako, Mungu hakigusi mpaka uende kwa mwenzako. Akikataa, rudi. Akikataa tena, rudi tena. Akikataa mara ya tatu, wewe umeshautua mzigo, anaubeba yeye. Mchungaji akasema, "Ninyi hata machozi mnayahesabu," tukacheka.

Watu walipoondoka alibaki mama mmoja, Etelka Kocsis. Wenzake humtania kwamba mabata bukini wake wanazurura barabarani kama wazee wa mji, kwa kuwa hajafunga geti lake tangu vita. Aliniuliza: "Na aliye mbali, bwana rabi, barua inahesabika?" Nikamwambia inahesabika. Akatoa bahasha mkobani. Nimeiambatisha hapa. Anasema mliketi dawati moja.

Mwanao,
Andor


Haifa, 25 Juni 1992

Andor mwanangu,

Mkono umebusiwa, ahsante, unanuka vitunguu. Moyo unapiga. Siku ukiacha sitakuandikia. Magoti usiyaulize.

Umefanya vibaya, nakwambia waziwazi. Sikatai watu kufundishwa. Lakini sheria ile ni ufunguo wa nyumba yetu, nawe umewagawia, na wa kwanza kuutumia amekuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Sasa Etelka ananihesabia moja, mbili, tatu, na nikikataa mimi ndiye mkosaji. Nani kamfundisha kunihesabia? Mtoto wa kaka yangu mwenyewe.

Ameandika mistari minne. "Ilka, nisamehe kwa yote yaliyotokea." Yaliyotokea hayana mwenyewe. Mvua imetokea, vita vimetokea. Mtu huomba msamaha kwa alichofanya yeye, akakitaja. Hilo ulisahau kuwafundisha, au treni ilikuwa inaondoka?

Mwambie nimekataa. Hiyo moja. Na usiniandikie jina la mji ule, hata kwenye bahasha.

Wape watoto maji ya limau yenye asali.

Shangazi yako,
Ilka


Budapest, 17 Julai 1992

Shangazi mpendwa,

Naubusu mkono wako pamoja na vitunguu vyake. Tuambie kama joto la huko limepungua. Watoto wamepona, sasa naumwa mimi.

Umenigombeza na nimegombezeka. Lakini nitajitetea kidogo. Hekima ikifungiwa kabatini huota ukungu kama mkate. Kama sheria yetu ni ya kweli, ni ya kweli hata kwa mama wa posta.

Nilimwambia Etelka umekataa. Hakulia. Darasani nikawasomea maneno yako kuhusu mvua na vita, bila kutaja jina. Mwalimu mstaafu akasema, "Huyo ndiye angekuwa rabi, wewe ungebeba mkoba wake." Etelka hakucheka. Wiki iliyofuata akanipa barua ya pili, akaniomba niisome kwanza. Anasema: "Nisamehe kwa kuwa baba yangu alifunga geti siku ile."

Sijui ni geti gani. Baba hakuwahi kunisimulia. Najua tu kwamba mlikuwa na mdogo wenu, Rozika, na kwamba wewe ulirudi kutoka kambi ya Wanazi na yeye hakurudi.

Shangazi, sasa nasema kama mwanao. Ukikataa na hii, inabaki moja. Siku ya Upatanisho ni Oktoba saba. Sitaki mzigo wa mtu mwingine uhamie kwako kwa sababu mimi nilifungua mdomo.

Mwanao,
Andor


Haifa, 30 Agosti 1992

Andor mwanangu,

Umeandika mara mbili, umepiga simu mara tatu, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nakaa kwenye kiti.

Keti na wewe.

Mwaka arobaini na nne, mwezi wa tano, askari wenye manyoya ya jogoo kofiani walitupa muda mpaka jioni, Wayahudi wote, tuhamie kiwanda cha matofali kungojea treni za kambini. Baba yako alikuwa mbali, kwenye kazi za kulazimishwa. Mama yake Etelka alikubali kumficha Rozika. Alikuwa na miaka minne na nywele za dhahabu kama zao, angepita kama mtoto wa binamu. Tulipatana hivi: kengele ya kanisa ya saa sita mchana ikianza kulia, geti lao la uchochoroni litakuwa halina komeo. Nisukume, nimwingize, nigeuke. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, Etelka vilevile.

Kengele ikalia. Nikasukuma. Limefungwa.

Rozika alidhani ni mchezo. Akapiga mbao kwa kiganja akasema, "Etelka, ni mimi." Akangoja kidogo, akasema tena, "Etelka, ni mimi."

Mbao zilikuwa na mwanya. Nikauona mkono umelishika komeo kwa ndani. Mkono wa blauzi ya bluu yenye maua mekundu. Maua yale niliyadarizi mimi, zawadi ya kuzaliwa kwake. Na baba yake nilikuwa nimempita muda huohuo sokoni, anauza mbegu.

Kengele ilipokwisha tukarudi. Njiani Rozika aliniuliza kama Etelka amekasirika. Nikamwambia amelala.

Kwa hiyo mlango wangu wa jikoni haufungwi. Majirani wanasema paka wote wa Haifa wanakula kwangu. Nawaacha waseme.

Etelka hajui kwamba nilimwona. Nawe usimwambie. Ukimwambia atakiri kwa kuwa amekamatwa, na aliyekamatwa hajatubu. Ya pili nimekataa. Ameniomba msamaha kwa kosa la marehemu ambaye hakulitenda.

Shangazi yako,
Ilka


Budapest, 11 Septemba 1992

Shangazi mpendwa,

Naubusu mkono wako, na leo sijui niulize nini kuhusu afya yako. Mimi silali vizuri.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nimetimiza ulichosema, sikumwambia kitu. Alhamisi hizi mbili anaketi karibu na dirisha, ameshika penseli, na mimi namtazama mkono badala ya uso. Nilifundisha habari za kuwakaribisha wageni nikapotea katikati ya sentensi. Mama wa posta akaniletea maji.

Nilipita nyumbani kwake nikielekea kituoni. Geti la uchochoroni lipo, mbao zilezile. Liko wazi, na komeo limeinuliwa, limeshika kutu. Niliweka kiganja kwenye mbao, chini kabisa, na nikajikuta nangoja. Sikusikia kitu. Lakini nilingoja mpaka treni ikaniacha.

Barua ya tatu hajaileta. Jana, mbele ya wote, aliuliza: "Na kama uliyemkosea amekufa?" Nikajibu kama ilivyo: unakwenda kaburini kwake na watu kumi, na mbele yao unamwambia, kwa jina lake, ulichomfanyia.

Akasema, "Na kama hana kaburi?"

Wote wakanitazama. Shangazi, nina miaka ishirini katika vitabu, na nilikusanya karatasi zangu nikawaaga. Nimeona aibu, na nimeogopa pia. Nisaidie.

Mwanao,
Andor


Haifa, 19 Septemba 1992

Andor mwanangu,

Afya ni ileile. Miaka ishirini katika vitabu, halafu unamuuliza fundi cherehani kama mimi.

La kwangu naweza kulisamehe au kulikataa. La Rozika si langu, hakunirithisha. Na Etelka ameanza kwa kubisha hodi kwangu kwa sababu mimi nina anwani.

Rozika hana kaburi. Mahali pa mwisho aliposimama akitegemea kufunguliwa ni pale getini. Basi iwe pale, saa sita, kengele ikilia. Watu kumi wetu huwezi kuwapata kule. Una wako kumi na mmoja, mtoe Etelka, wanabaki kumi. Uliwapa sheria, sasa waje waibebe.

Asiniandikie barua ya tatu. Si mimi wa kwanza kwenye foleni.

Usimwambie aseme nini. Akimtaja tena baba yake, nyamaza, rudi nyumbani, na hili tusiliongee tena.

Shangazi yako,
Ilka


Budapest, 2 Oktoba 1992

Shangazi mpendwa,

Naubusu mkono wako. Mwaka wetu mpya ulioingia juzi uwe mwema, tuandikiwe uzima, wewe wa kwanza.

Jana walikuja wote kumi. Mchungaji alivaa koti lake la mazishi. Mama wa posta alifunga dirisha lake la stempu saa tano na nusu, jambo ambalo mjini pale halijawahi kuonekana. Sikuwa nimewaeleza chochote zaidi ya mahali na saa.

Nilidhani Etelka atasimama nasi uchochoroni. Akasema, "Hapana, mimi nilikuwa huku." Akaingia ndani, akavuta geti. Komeo lilikuwa gumu kwa kutu. Tulimsikia akilipiga kwa kitu, labda jiwe, mpaka likashuka. Mabata bukini walibaki nje miguuni mwetu, wameduwaa.

Kengele ikaanza. Nikaanza kuhesabu mapigo na kuomba. Niliuona mwanya kati ya mbao. Mkono ulikuwa umelishika komeo.

Kisha akasema, "Rozika, ni mimi."

Sikumwambia, Shangazi. Naapa mbele ya Siku ya Upatanisho inayokuja, sikumwambia neno hilo.

Akasema, "Si baba. Baba alikuwa sokoni. Mama alikuwa ndani amekutandikia kitanda. Mimi ndiye niliyefunga. Niliogopa watatuua na sisi. Ulipiga hapa chini, ukaniita jina langu, na mimi nilishika hivi mpaka ukaondoka. Mama nilimwambia hamkuja. Nimesema uongo kwa kila mtu, hata kwa Ilka, mwaka huu. Uliniita nikakusikia, Rozika."

Kengele ilipokwisha akaliinua komeo, akafungua. Wale kumi na mimi tulitazama chini, usawa wa mtoto. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Hapakuwa na mtu.

Mwalimu mstaafu akaketi kwenye ukingo wa mtaro akalia. Mchungaji alitaka kuomba, akanitazama, akaacha. Etelka aliniuliza kitu kimoja tu, kama utaandika. Nikamwambia sijui.

Mwanao,
Andor


Haifa, 14 Oktoba 1992

Andor mwanangu,

Siku ya Upatanisho nilifunga, bila chakula wala maji, na moyo haukusimama, kwa hiyo daktari hajui kitu.

Nianze na wewe. Nilisema umefanya vibaya kuwafundisha, na nilikuita mgawa funguo. Nisamehe kwa kusema hivyo. Unaona, nimelitaja.

Mwambie Etelka nilimwona. Mwambie: maua mekundu, blauzi ya bluu. Sasa anaweza kujua. La kwangu nimemsamehe, na nimeshangaa lilivyokuwa dogo baada ya kulibeba miaka yote hii. Nilidhani ndilo kubwa. La Rozika siwezi, na asiniombe, wala wewe usiniombe. Litakaa pale getini, na yeye anajua njia.

Jana saa sita nilifunga mlango wa jikoni. Nikaketi kwenye kiti, nikautazama umefungwa, mpaka supu ikachemka. Paka walikuja wakalia nje, sikuinuka.

Baadaye nikaufungua. Si kwa ajili ya paka.

Shangazi yako,
Ilka