Maua Niliyowapa Mbuzi

Mjukuu wangu Salha,

Marahaba, mwanangu. Huku Ibra hatujambo. Ami yako yuko juu ya mtende tangu asubuhi, nami nimeshafua mapazia na kupalilia vitunguu.

Umeniuliza mbona huko ukweni Sur unafanya kila kazi kabla hujaambiwa, na bado unajiona mgeni. Mimi nilipoletwa hapa Omani kutoka Unguja, bibi harusi, nilikuwa sikai chini. Siku moja, mitende inachanua, nilikuta uani ungo umejaa maua makavu. Nikaona taka, nikawapa mbuzi, nikafagia. Kumbe ni maua ya mtende dume! Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kayaanika ayatie kwenye mitende jike ipate kuzaa.

Hakunigombeza. Alinichukua kwa jirani kuomba mengine, akaniachia mimi nieleze kwa nini tunaomba. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na mavyaa naye, mwisho na mimi. Njiani kurudi ndipo nilipomuuliza, kwa mara ya kwanza, kazi za nyumba ile zinafanywaje.

Mpaka leo mitende ikichanua, watoto wa yule jirani hupita mlangoni wakaniuliza kama mbuzi wameshakula. Siku wakwe zako watakapokutania hivyo huko Sur, niandikie.

Bibi yako