Maji ya Moto ya Mwakio

Jumapili, Voi.

Sasa kwa nini Mwakio aniletee maji ya moto? Anataka kupiga kinanda mahali pangu, kwaya yote inajua. Na huku mbali na kwetu, kinanda ndicho kinachofanya watu wanijue jina.

Wiki nzima ya kukata mkonge hukaza vidole. Bila kuvipasha moto haviendi.

"Loweka mikono, ndugu," akasema akicheka. "Leo tuko na askofu."

Nikayaonja kwanza, nikidhani ametia chumvi inichome mikwaruzo ya miiba. Yalikuwa maji tu. Vidole vikalegea, nikapiga vizuri sana.

Baada ya ibada nikamsikia akimwambia askofu, "Huyo nimemfundisha mimi."

Jumapili ijayo nitachemsha maji yangu mwenyewe.