Mstari Unakata Wapi

Jumatatu, 2 Juni
Mwanangu Hawa amelamba chaki ya kukatia nguo sasa hivi. Mdomo mweupe, anacheka. Nimempangusa kwa kanga, nikarudi kwenye hesabu.

Mtihani wa kuingia chuo cha ushonaji ni Ijumaa. Nikishindwa, nabaki kushona vifungo vya magauni ya wenzangu. Sitaki. Cherehani nimeizoea, hesabu ndiyo inanitesa. Mstari unakata mhimili wa x wapi, wa y wapi. Mimi nikitafuta x, naiweka x sifuri. Mwalimu wa jioni kanikosoa tena. Nilitamani kulia.

Jumatano, 4 Juni
Kitambaa cha mita kumi na mbili mezani. Gomesi, lile vazi refu la kina mama, inakula mita sita, gauni la mtoto mbili. Mama Shamimu, mwenye kibanda hiki cha Kyebando, akauliza: "Mteja hataki magauni ya watoto kabisa. Gomesi ngapi?"

"Mbili."

"Kumbe unajua hesabu, nyabo! Na huo uso wa msiba tangu asubuhi ni wa nini?"

Nikaweka mkasi chini. Kupata gomesi, nimeweka magauni sifuri. Magauni! Si gomesi. Nikaandika: 6x + 2y = 12. x gomesi, y magauni. y ikiwa sifuri, x ni mbili: hapo mstari unakata mhimili wa x. x ikiwa sifuri, y ni sita: hapo unakata wa y. Nukta mbili, rula, mstari ukapita. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Shamimu akauliza kama nina mimba.

Ijumaa, 6 Juni
Swali lilikuja. 3x + 4y = 24. Jasho. Natafuta x, na mkono ukaanza kuiweka x sifuri. Nikajiambia: wewe, unataka gomesi, ondoa magauni kwanza. Nane. Halafu sita kwa y. Nimechora. Mengine sijui.

Jumanne, 10 Juni
Nimepita. Jina langu limesomwa, nikaomba lisomwe tena. Baba Hawa akasema kwenye simu, "Mke wangu mwanafunzi!"

Mvua imekatika. Hawa amelala juu ya mabaki ya vitambaa. Masomo yakianza, mama yangu atakaa naye. Usiku huu nitalala vizuri. Najisikia kama mtu amenitua ndoo kichwani, na siku ya kwanza darasani nita—

Mama Shamimu ananiita kazini. Naam, naja!