Zahanati Inayolala Mchana

Ujerumani,
3 Machi 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na ngazi za hapo nyumbani hazikuonei sana. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, navaa soksi mbili mbili.

Mama, shika kalamu. Chuoni kwetu kuna paneli za umeme wa jua zilizobaki kwenye mradi, na zitakwenda kwa zahanati moja tu. Nimeomba jina la zahanati yako liingie. Mkaguzi si alisema ikifika mwisho wa mwaka friji haina umeme wa uhakika, huduma ya chanjo inahamishwa? Basi njia ndiyo hii.

Kuna programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya paneli zitakazotosha. Inataka mahitaji ya umeme ya kila saa, yaani namba ishirini na nne kwa siku. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa, halafu kila saa andika kipi kinawaka. Tafadhali usinikisie. Nikiingiza namba mbovu, nitapata jibu bovu.

Mwanao,
Rasha


Mchafukoge, Dar es Salaam,
29 Machi 1997

Mwanangu Rasha,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila ngazi. Sisi sote hatujambo, na nesi Klara anauliza kama huko umeshaanza kula vizuri au bado unachagua chagua kama kuku mgonjwa.

Daftari lako hili hapa. Nimekaa nalo siku saba. Friji wati 120, taa nne za wati 40, na ile sufuria ya umeme ya kuchemshia vifaa, wati 1000. Mgao wa umeme unaanza saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, kwa hiyo mchana wote nimeweka sifuri. Usiku vinawaka friji na taa, na sufuria kwa muda wa saa moja tu.

Sikukisia hata mara moja. Unakumbuka mizani ya babako Mbaruk, Mungu amrehemu, pale dukani Kariakoo? Watu walipita maduka sita kwenda kupimiwa mchele kwake kwa sababu haikuwahi kulalia upande wake. Na daftari langu ni hivyo hivyo. Nimelipeleka Posta mwenyewe.

Mamako


Ujerumani,
14 Aprili 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo. Daftari limefika, na mwandiko wako umenipa hamu ya nyumbani. Habari za Klara? Mwambie nakula.

Nimeingiza namba zako zote. Kompyuta ikachora mchoro, mchana kutwa mstari uko chini sakafuni, jua likizama ndiyo unanyanyuka. Mwalimu wangu akautazama, akacheka. Akasema, "Hii ni zahanati gani inayolala mchana?" Programu inasema paneli mbili zinawatosha.

Mama, mbili haziwezi kuilisha friji yako. Tafadhali andika upya, na mchana uweke vifaa vinavyotakiwa kuwaka.

Mwanao,
Rasha


Mchafukoge,
2 Mei 1997

Rasha,

Marahaba. Mimi mzima.

Miaka thelathini na moja nimefanya uuguzi. Waliporuhusu zahanati za watu binafsi niliuza bangili zangu nikafungua hii. Leo mtu asiyejua Mchafukoge iko upande gani anasema nalala mchana!

Ulinikataza kukisia, nami nikakutii. Sasa unataka niandike friji inawaka wakati haiwaki. Huo ni uongo, na sitauandika kwa mkono wangu, hata wakitoa paneli mia.

Mamako


Ujerumani,
13 Mei 1997

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Sikusema wewe unalala. Nani asiyejua kwamba jogoo anakusubiri wewe uamke ndipo awike?

Kosa ni langu, sikueleza vizuri. Programu haiulizi mlipata nini, inauliza mlihitaji nini. Ule mgao umejiandika wenyewe kwenye daftari lako, kana kwamba ninyi ndio hamkutaka umeme.

Jana nilikaa kwenye kompyuta nikajaza namba za mchana mwenyewe, kwa kukumbuka. Zilipendeza. Halafu nikazifuta zote, maana nilikusikia ukinikaripia. Bila daftari lako siwezi. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Juni, na mpaka sasa nilicho nacho ni zile sifuri. Ukiendelea kununa, nitapeleka hizo hizo.

Mwanao,
Rasha


Mchafukoge,
11 Juni 1997

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe wewe pia. Nakiri nilinuna. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikasema kimoyomoyo, na asubiri.

Jumatatu iliyopita akaja Sophia, yule anayeuza vitumbua kule Jangwani, mtoto mgongoni. Huwa hawezi kutoka mpaka amalize biashara yake, basi alifika saa nane mchana. Barafu ya usiku ilikuwa imeyeyuka tangu saa sita, na chanjo nilishazirudisha kwenye ghala la wilaya. Ilikuwa mara ya tatu namrudisha. Hakugomba. Alisema tu, "Basi, Bi Mauza, tumeshazoea."

Kuandika sikuacha hata nilipokuwa nimenuna, basi nikaenda kwenye daftari jipya kujaza saa nane. Sifuri. Nikaitazama ile sifuri, Rasha, nikaona nimemfuta Sophia na mwanawe kana kwamba hawakuja. Nililia. Klara aliniona, wala sijali.

Tangu siku ile daftari lina safu mbili, tulichopata na tulichohitaji. Sikukaa kitako nikabuni. Kila saa nilisimama nikawauliza waliokuwepo, umeme ungekuwepo sasa hivi, tungewasha nini? Klara anatia sahihi pembeni. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu kina mama walikuwa wanapaza sauti kutoka kwenye benchi kabla sijauliza. Wanataka feni pale wanaposubiri. Nimekwenda kuitazama dukani, ni wati 75. Hatujawahi kuwa nayo, na niliona haya kuiandika. Nimeifuta mara mbili, mara ya tatu nikaiandika kwa wino.

Daftari analibeba Seifu, mpwa wa jirani yetu, anayesafiri kwa ndege kesho kuja huko huko. Ukishindwa sasa, usinisingizie.

Mamako


Ujerumani,
4 Julai 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo! Natumai mko salama wote. Daftari lilifika, maombi yakaingia siku mbili kabla ya mwisho. Safari hii mchoro umesimama mchana kama mlima. Mwalimu aliuliza namba nimezitoa wapi. Nikamwekea safu zako mbili mezani na sahihi za Klara, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Hakucheka tena.

Wametukubali! Ila kuna jambo. Programu inataka paneli kumi na tatu, nazo ziko nane tu. Lazima tupunguze. Nimefikiria tutoe feni na taa mbili. Unasemaje?

Mwanao,
Rasha


Mchafukoge,
26 Julai 1997

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimepiga kigelegele mpaka majirani wakadhani umeolewa.

Feni haitoki. Hujasoma daftari vizuri wewe msomi. Ile sufuria inakula wati elfu, na mafuta ya taa yanachemsha maji vilevile. Toa sufuria. Vifaa nimechemsha kwa jiko tangu nikiwa mwanafunzi. Rudi kwenye kompyuta yako, uone kama nane hazitoshi.

Mamako


Mchafukoge,
25 Oktoba 1997

Mwanangu Rasha,

Marahaba ya barua zako zote tatu nilizochelewa kuzijibu. Tu wazima, ila fundi Abbasi alitukalia juu ya paa wiki mbili na kunywa chai yote ya nyumba hii. Paneli nane zimefungwa. Zinatosha, kama kompyuta yako ilivyokuambia ulipoitoa sufuria. Juzi mkaguzi alikuja, akafungua friji, akasoma kipimajoto, akafunga. Chanjo zinabaki.

Leo mgao ulianza saa moja kama kawaida. Saa nane mchana Sophia akaingia, amelowa jasho, akauliza akiwa bado mlangoni, "Nirudi?" Nikamwambia aketi. Mtoto kachanjwa, kalia kidogo, kanyamaza. Nimefungua daftari jingine, lenye safu mbili zile zile. Tulichopata saa nane: friji na feni. Tulichohitaji: friji na feni.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa mezani. Mwambie mwalimu wako hakukosea. Sophia ameegemea ukuta chini ya feni, mwanawe kifuani, na zahanati yangu leo kweli imelala mchana. Klara ametukataza kuongea kwa sauti.

Mamako