Kuvu Kwenye Mkate Wako wa Mwisho

Baba,

Ungenicheka. Mkate wako wa mwisho umeota kuvu, na mimi ndiye ambaye nimekuwa nikiulinda. Wewe uliyenusa kila mkate asubuhi ziwa likituletea unyevu hapa Kisian, ukisema, "Adui asituingilie, Achieng'," sasa binti yako anafuga adui.

Ni ule uliouacha mezani ukienda hospitali. Baada ya mazishi hakuna aliyeukata. Niliutia kabatini na mfuko wake. Watu walikuwa wakinitazama wakishangaa mbona silii, na Shangazi akasema, "Huyu mtoto ni jiwe kweli." Unajua mimi na maneno.

Kwanza zilitokea nyuzi nyeupe, laini kama pamba, zikaenea kimya kimya zikinyonya mkate. Halafu vikaja vichwa vyeusi, vidogo sana, kila kimoja juu ya kijiti chake. Mwalimu wetu wa biolojia anasema hivyo ni vifuko vya spora. Kikipasuka, spora zinaelea hewani mpaka zipate mahali penye unyevu, zianze upya. Jioni moja nilikaa jikoni, jua likiingia dirishani, vumbi likielea ndani ya ule mwanga. Nikawaza labda wewe uko humo. Usicheke.

Mama alifungua kabati akakunja uso. "Achieng', hii takataka itatuua. Iende shimoni kabla ya Jumapili."

"Ngoja kidogo tu, Mama. Ni ya shule."

Ilikuwa ya shule kweli. Lakini pia ndicho kitu cha mwisho mikono yako ilichotengeneza, na hilo sikuweza kulitamka.

Ya shule ni hivi: kuvu ina njia nyingine ya kuzaa. Hali ikiwa ngumu, uzi mmoja unatafuta uzi wa aina ya pili. Ukizitazama zinafanana kabisa, lakini aina moja peke yake haiwezi. Kwa hivyo tuliambiwa kila mtu alete kuvu ya kwao, kisha atafute ya nyumba nyingine. Baba, mimi! Kumwomba mtu! Mwishowe nikamwomba Akoth, yule tunayekaa dawati moja, anayetoka Awasi. Tangu muhula uanze sikuwahi kumwambia zaidi ya "nipe rula". Akacheka mpaka akainama. "Wewe! Kumbe unaongea? Na cha kwanza unaniomba ni mkate umeoza?"

Lakini alileta.

Tuliweka kuvu yako upande mmoja wa kisahani cha maabara, yake upande ule. Zikatambaa polepole, siku baada ya siku. Hazina macho, hazina sauti, zinaitana kwa kemikali tu, kama vile mimi nilivyojua umewasha oveni hata kabla sijafungua macho. Zilipokutana katikati pakatokea mstari mweusi. Kwenye hadubini, ule mstari ni mbegu nyingi za mviringo zenye ganda nene, na kila mbegu imetoka pande zote mbili. Mwalimu alisema inaweza kulala miezi mingi, kwenye ukavu, bila chakula chochote. Unyevu ukiipata inaamka, inachipuza kijiti, na juu ya kijiti zinatoka spora mpya.

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Mbele ya darasa zima. Akoth akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani huo mkate ulikuwa wa nani?" Nikasema, "Wa babangu." Tangu tukuzike sikuwa nimekutaja.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mama mimi mwenyewe: tuutoe. Nilidhani atafurahi. Aliketi kwanza. "Mimi pia nilikuwa naifungua hiyo kabati ukienda shule," akasema. "Nilitaka wewe uutoe kwa sababu mimi nilishindwa."

Tuliubeba pamoja. Tukauvua mfuko, tukaufukia kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba, mvua ikija taratibu kutoka ziwani.

Basi pumzika, Baba. Jumamosi tunawasha oveni yako. Mama anasema mikono yangu ni myembamba kwa unga ule, kwa hivyo tutakanda sote wawili. Na nakuahidi, huo mkate hautaingia kabatini. Tutaukata ukiwa moto, nitawaita majirani kwa sauti yangu mwenyewe, na tutaula mpaka makombo.

Binti yako,
Achieng'