Zamu Yangu ya Kwenda Ujerumani

Mtwara, Ijumaa, Mei 1970

Basi, Ulrike ameondoka. Tangu aletwe kutoka Ujerumani kufanya kazi nasi gazetini, ndiye pekee niliyeweza kubishana naye juu ya habari za wakimbizi wanaovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji.

Kwenye uwanja wa ndege alinishika mkono. "Sasa ni zamu yako kuja gazetini kwetu, Salima. Utakuja?"

"Mama yangu haoni, Ulrike. Hana mwingine."

Hakubisha. Laiti angebisha hata kidogo.

Jioni mama akaniuliza, "Na wewe safari yako lini?"

"Wameifuta, mama."

Akanipapasa uso mpaka vidole vikalowa machozi.

"Huo uongo umenitungia mimi, mwanangu?"